"Bwana ni kupe": kisa cha kiitikio kimoja cha mavuno, Moshi

Mnada wa mavuno ulikuwa umefika kwenye majogoo niliposikia watoto nyuma ya kanisa wakiimba kiitikio changu. Nikatabasamu. Mtunzi gani asiyefurahi wimbo wake ukidakwa na watoto siku hiyo hiyo? Kisha nikasogea karibu. Mmoja alikuwa anauliza kwa kuimba, "Bwana ni?" na wenzake wanaitikia "Kupe!" huku wakijikuna miguu na kuangushana kwa kicheko.

Mimi nilikuwa nimeandika "Bwana, nikupe nini".

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kwa miezi miwili kwaya yetu haikuzungumza jambo jingine. Lile swali ambalo watu hulijibu kwa mkato, kwamba katika wimbo kipi kina uzito zaidi, maneno au tuni, sisi lilitujia likitambaa kwa miguu minane.

Wimbo ulivyozaliwa

Ni kwaya ya mtaa mmoja wa Kilutheri upande wa mlimani, juu kidogo ya Moshi mjini. Tukitimia tunafika kama thelathini, na hatutimii ila wiki ya mwisho. Mwalimu wetu wa kwaya ni seremala mchana na mpiga kinanda jioni. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa kosa hilo nikapewa kazi ya kuandika maneno. Mwaka ule wazee wa kanisa waliomba wimbo mpya wa sikukuu ya mavuno. Usiku mmoja mwalimu akanitumia sauti kwa WhatsApp, haina neno hata moja, ni "la la la" tu na mbwa wa jirani anabweka nyuma. Mara ya kwanza niliisikiliza nikiwa nimelala. Mara ya pili niliketi.

Tuni ya kiitikio, kwa solfa, inaanza so, so, halafu inaruka hadi do ya juu na kukaa hapo mapigo mawili. Waimbaji wanavuta pumzi. Kisha inashuka: ti, la, so, mi. Noti saba, basi. Lakini ule mruko una jambo lake. Ni kama mtu aliyeinua macho kusema kitu kikubwa, akakosa la kusema, akayashusha taratibu.

Nikafungua Zaburi ya 116, pale mwimbaji anapojiuliza amrudishie Bwana nini kwa ukarimu wote aliomtendea. Nikahesabu mizani, maana ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha: Bwa-na-ni-ku-pe-ni-ni. Saba. Noti saba, mizani saba. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Mazoezi yalichukua wiki sita, Jumanne na Alhamisi, na hakuna aliyeshtuka. Hili nimelifikiria sana baadaye. Sote tulikuwa na karatasi mkononi. Jicho likishaona "nikupe" limeandikwa neno moja, sikio halina ubishi tena. Watu wa kwanza kuusikia wimbo ule bila karatasi walikuwa waumini siku ya mavuno yenyewe, na wa kwanza kusema walichosikia walikuwa watoto, kwa kuwa mtu mzima akisikia "kupe" kanisani anadhani masikio yake yamemdanganya.

Siku yenyewe wimbo ulipokelewa vizuri mno. Sikuwahi kuona watu wakiinuka kwenye mabenchi mapema vile. Akina mama wawili watatu walilia. Mwalimu aliniangalia akiwa kwenye kinanda, nikamwonyesha dole gumba. Saa mbili baadaye tukawa tunasikiliza watoto wakijikuna.

Pale kosa lilipo

Jambo hili si la bahati mbaya tu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, ni-KU-pe, NI-ni. Ni sheria yenye vighairi vichache, na ndiyo inayotuwezesha kujua neno limeishia wapi hata mtu akisema harakaharaka. Mkazo ukihama, maana nayo inaweza kuhama. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza anaijua barabara ya kupita magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa, herufi zile zile.

Sasa rudi kwenye tuni. "Bwa" iko kwenye pigo la kwanza, pigo zito. "Na" ya pili. "Ni" inapanda juu kabisa na kupewa urefu kuliko silabi nyingine zote, kisha pumzi. Silabi ambayo kwenye neno lake ni kiambishi tu, kichwa cha kitenzi, imekatwa shingo na kuachwa juu peke yake. Na kila msemaji wa Kiswahili akisikia "Bwana ni", halafu kimya, anasubiri sifa. Masikio ya kanisani yamezoea hivyo: Zaburi ya 27 inaanza na "Bwana ni nuru yangu". Kwa hiyo kanisa zima lilikuwa limeshikilia pumzi likisubiri Bwana ni nani. Likapewa kupe.

Kingine kilichonichukua siku kadhaa kukiona ni kwamba sehemu ya pili ya tuni haina kosa lolote. "KU-pe NI-ni": ku kwenye pigo zito, ni kwenye pigo la tatu ambalo nalo lina uzito kidogo. Mkazo umekaa kama ulivyo kwenye mazungumzo. Laiti tuni ingeliharibu neno, ingesema "ku-PE", sikio lingehangaika na pengine lingeunganisha vipande na kupata "nikupe". Lakini lilipewa neno kamili, zima, lenye mkazo wake sawasawa. Neno lilikaa vizuri kupita kiasi, ila halikuwa langu.

Tena ni neno ambalo kila nyumba huku inalijua. Ng'ombe wetu wako bandani, tunawakatia majani, na kupe ndiye analeta ndigana kali inayoweza kumwangusha ndama ndani ya siku chache. Mtoto wa Masaki au Mbezi, kule Dar es Salaam, huenda asingecheka.

Kikao

Mzee mmoja wa kanisa alileta malalamiko, kwa adabu, baada ya ibada ya Jumapili iliyofuata. Mchungaji akatuachia wenyewe. Tukakutana Jumatano jioni, mimi, mwalimu, katibu, mwenyekiti wa kwaya na huyo mzee.

Nilisema tuni ibadilishwe. Nilikuwa nimejiandaa: wimbo wa ibada ni ujumbe, tuni ni gari, na gari likimwaga mzigo njiani hatulisifii mwendo. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wimbo wa taifa tuni yake ni ya nani?"

Nikajibu ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, 1897.

"Aliitunga kwa Kiswahili?"

Hakuitunga kwa Kiswahili. Aliitunga kwa Kixhosa, na leo sisi tunaiimba kwa maneno yetu, Zambia wanaiimba kwa maneno yao mengine kabisa, na Afrika Kusini wenyewe wameiunganisha na wimbo mwingine tangu 1997. Mwalimu akaongeza wa Kenya, ambao tuni yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na maneno yakaandikwa kwa ajili ya uhuru wa 1963. "Maneno yanavuliwa kama shati," akasema. "Tuni ndiyo mwili."

Ilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Lakini nami nilikuwa na la kujibu, na lilikuwa kwenye Biblia iliyokuwa mezani. Juu ya Zaburi ya 22 kuna maelezo kwa mwimbishaji yanayotaja kulungu wa alfajiri. Wafafanuzi wengi wanaona hilo ni jina la tuni iliyojulikana siku zile. Mtu akiambiwa "imba kwa kulungu wa alfajiri" alijua aanzie wapi. Tuni hiyo leo hakuna anayeijua. Maneno yapo, yanasomwa kila Ijumaa Kuu. "Mwili umeoza," nikamwambia, "shati bado linavaliwa."

Mwenyekiti alisema sasa tunatafuta kushindana. Alikuwa sahihi.

Mzee aliyeleta malalamiko ndiye aliyetupeleka mahali pa maana. Alisema nyimbo nyingi za kitabuni zimeletwa na wamisionari. Wa Leipzig walifika Machame 1893 wakiwa na tuni zao za Kijerumani, na mstari wa tuni zile mara nyingi unaishia kwenye pigo zito. Kiswahili hakina neno la kawaida linaloishia na mkazo, isipokuwa neno la silabi moja. Ndiyo maana tangu utoto tunaimba "bwa-NA" na "Mu-NGU" mwisho wa mstari na hatuoni ajabu. "Sasa," akasema, "mbona hayo hayatuchekeshi, na hili linatuchekesha?"

Swali zuri kuliko yote tuliyokuwa tumeuliza. Jibu nililolipata baadaye nikiwa njiani nyumbani, kama kawaida, ni kwamba kuvuta mwisho wa neno na kukata katikati ya neno ni makosa mawili tofauti. Sisi tunavuta mwisho wa maneno kila siku. Mama akimwita mtoto kutoka ng'ambo ya mfereji havuti silabi ya katikati. Anayeghani shairi naye hukivuta kina, na kina kiko mwisho kabisa, kwenye silabi isiyo na mkazo. Sikio la Mswahili limeshajifunza kusamehe hapo. Lakini hakuna anayeita "ni", akavuta pumzi, halafu akasema "kupe nini".

Mzee akaongeza kwamba kwa Kichaga mambo yangekuwa magumu zaidi. Kichaga kina toni. Sauti ikipanda mahali neno linaposhuka, unaweza kusema neno jingine bila kukata popote. Kiswahili kimeiacha tuni huru kupanda na kushuka inavyotaka. Kinachodai ni mapumziko tu, na sisi tuliyaweka mahali pabaya.

Jaribio dogo

Kabla ya kuamua, mwenyekiti alipendekeza tuwaimbie watu wasioujua wimbo, bila karatasi, kisha tuwaulize. Tukawaita wachache: mlinzi, mama mmoja muuza ndizi wa pale barabarani, na vijana wawili waliokuja kuchukua viti vya harusi. Tukaimba kiitikio na ubeti wa tatu.

Wote wanne waliweza kurudia tuni ya kiitikio kwa mluzi au kwa kuguna baada ya kuisikia mara moja. Mlinzi aliipata barabara, hadi ule mruko. Maneno ya kiitikio hawakuyapata vizuri. Kijana mmoja alisema "kitu kama Bwana ni mkuu". Hakusikia kupe wala nikupe. Soprano zetu zikifika do ya juu, "ni" inafunguka, inakuwa kitu kati ya "ne" na "na", jambo linalotokea kwa sauti yoyote ikipanda sana: irabu zinaanza kufanana. Alisikia alichokitarajia.

Ubeti wa tatu ulikuwa habari nyingine. Kwenye beti mwalimu alikuwa ameiweka tuni chini, karibu noti moja tu, inatembea kama mtu anayeghani. Pale nilikuwa nimeandika:

Hata kwa nusu ya debe
mkono hukuufunga

Muuza ndizi aliurudia mstari huo neno kwa neno. Tuni yake hakuikumbuka kabisa. Nami nikakumbuka kwamba siku ya mnada, mnadishaji alipoinua kidebe cha mahindi kilichojaa nusu, alisema "Hata kwa nusu ya debe, jamani!" na watu wakacheka na kupandisha bei. Alikuwa ameusikia mstari mara moja, saa moja kabla. Nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia tajiri.

Kwa hiyo wimbo mmoja ulikuwa na mambo mawili yanayokwenda njia tofauti. Kiitikio kilitoka kanisani kwa mluzi, ubeti ukatoka kwa mazungumzo. Palipo na tuni kubwa maneno yalizama, na palipo na tuni ya kunyamaza maneno yalisimama. Sidhani hili ni la wimbo wetu peke yake. Anayekwenda taarabu huona watu wakiinuka kwenda kutunza kwenye mstari wenye fumbo, mstari unaomgusa jirani aliyekaa meza ya pili, si kwenye kibwagizo cha vinanda. Na ukisimama geti la Mweka au Marangu wakati wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanawaimbia wageni walioshuka mlimani, utaona Mjerumani anafuta machozi kwenye wimbo ambao katikati yake kuna nyoka anayemzunguka mtu akitaka kumla nyama. Hajui. Na machozi yake ni ya kweli.

Mama wa benchi la tatu

Mmoja wa akina mama waliolia siku ya mavuno anakaa jirani na kwetu. Nilipita kwake, nikapewa ndizi za kuchemsha, nikamuuliza ni nini kilichomliza. Nakiri nilitarajia atataja ubeti wangu.

Alisema ile sauti inavyopanda na kukaa imemkumbusha mama yake akipalilia kahawa, alikuwa na namna hiyo ya kuguna akinyoosha mgongo.

"Na maneno, mama?"

"Maneno yapi, mwanangu?"

Ikabainika kwamba yeye alikuwa akiimba pamoja nasi kiitikio chote, na ile sehemu ya kushuka alikuwa anaitia "Aika Ruwa". Kwa Kichaga, asante Mungu. Kwa noti zile zile nne. Nilijaribu kimoyomoyo nikiwa pale pale, nikakuta imekaa vizuri kuliko yangu.

Sikumwambia mwalimu habari hii kwa wiki nzima. Ningekuwa nimempa ushindi.

Tulichofanya

Nilikuja na mapendekezo matatu, mawili hayafai kusimuliwa. La tatu lilikuwa hili: tuanze na "Ee". "Ee Bwana" ina silabi tatu, inajaza so, so, do. Neno linaishia pale pale tuni inapopumzika, na "na" inavutwa juu kama mtu anayeita, ambavyo ndivyo mtu anavyoita. Inabaki "nikupe nini", silabi tano kwenye noti nne.

Hapo mwalimu alitakiwa kutoa kitu. Ili "ku" ibaki kwenye pigo zito, "ni" lazima iingie kabla yake, yaani do ya juu ipunguzwe nusu pigo, na hiyo nusu ipewe "ni" kama hatua ya kuingilia. Nusu pigo tu. Alikataa kwa siku nne. Alisema mapigo mawili kamili pale juu ndiyo wimbo wenyewe; kile kimya cha pumzi kinachofuata ndicho kilichowainua watu kwenye mabenchi, na sasa nataka kukijaza kiambishi.

Nami nilikuwa natoa zaidi ya alivyodhani. Mimi ndiye ninayewakata alama wanafunzi kwa "Ee" za kujazia mizani. Nimeandika pembezoni mwa madaftari mengi: "Ee ya nini hapa?" Sasa niliiweka mwanzo wa wimbo wangu mwenyewe.

Jioni ya siku ya tano alinitumia sauti nyingine kwa WhatsApp. Safari hii kulikuwa na maneno, na mbwa hakuwepo. "Ee Bwana, nikupe nini." Hakuandika chochote chini yake.

Tuliuimba upya Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata. Hakuna mtoto aliyejikuna. Mzee wa kanisa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Watu waliimba nasi, wengi wakiyatamka maneno sawasawa, na nilipotazama benchi la tatu yule mama alikuwa anaimba pia, sijui maneno gani. Lakini hawakuinuka kama mara ya kwanza. Walikaa, wakapiga makofi mwishoni. Mwalimu alisema ni ile nusu pigo. Mimi nikasema ni kwa kuwa si mpya tena, na siku ile hapakuwa na mavuno wala majogoo. Hatujakubaliana mpaka leo. Kwa siri naona kuna kitu tumekipoteza: kwenye ule wimbo wa kwanza, ile "ni" iliyoning'inia juu ilikuwa, bila mimi kupanga, ni nafsi ya anayeuliza, mimi, nisiye na cha kutoa, nimekwama kabla ya kitenzi. Nisingeweza kuandika hivyo kwa makusudi. Lakini siwezi kuomba kanisa zima lisikie hivyo wakati watoto wanasikia kupe.

Siku hizi tumebadili utaratibu. Mwalimu akileta tuni, namwomba aiimbe huku anapumua kama atakavyopumua siku yenyewe, naweka alama kwenye kila pumzi, ndipo nahesabu mizani, kipande kwa kipande na si mstari mzima. Nikitangulia mimi na maneno, ananitaka niyasome kwa sauti mara tatu, si kuyatuma. Tunagombana bado, ila tunagombana mapema.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bandani na pampu mgongoni, nampulizia ng'ombe dawa, nikifika chini ya masikio ambako wanapenda kujificha. Nikagundua naimba. So, so, do, nikavuta pumzi, na sikuwa nimeanza na "Ee".